Mkate Chapwa wa Mwenye Kisima

Watu wa kichochoro chetu hapa Meknes wanasema kwamba siku ya posa ya Tuhami mimi Batul nilisahau chumvi. Wameshalisema hilo mpaka wajukuu wao nao wanalisema. Basi na mimi nasema: sijasahau chumvi tangu nilipofikia kimo cha meza ya kukandia unga, na siku ile sikusahau. Anayetaka kujua kilichotokea na akae kitako. Asiyetaka akanunue mkate wa dukani, ale, alale.

Tuhami ni mtoto wa ndugu yangu, Haji Maati. Mama yake alifariki mtoto bado ananyonya, na mimi nilikuwa nimefiwa na mume, nimerudi nyumba ya wazazi wangu. Mtoto akawekwa mapajani mwangu na hapo ndipo alipokulia. Alikuwa mpole, vidole virefu, macho ya kusikiliza. Akajifunza kushona jalaba, zile kanzu ndefu zenye kofia, akawa fundi ambaye hata watu wa Fes walikuwa wanapanda basi kuja kupimwa naye mabega.

Nyumba yetu ina kisima katikati ya ua, na kisima kina mwenyewe. Ni mwanamke. Bibi yangu alimjua, mama yangu alimjua. Hapendi maji ya moto yamwagwe bila bismillahi, hapendi mtu apige miluzi ndani ya ua, na hali chumvi. Kwa hiyo kila Alhamisi, nikikanda unga, natenga donge moja kabla sijatia chumvi, nafanya mkate mdogo laini usio na alama, mkate chapwa, nauweka juu ya kifuniko cha kisima. Asubuhi haupo. Utasema paka. Nyumba yetu haijapata kukaa paka. Wanafika mlangoni, manyoya yanawasimama, wanageuka.

Tuhami alipokuwa mdogo alikuwa akiongea na kile kisima. Mtoto yeyote anapenda kusikia sauti yake ikirudi. Lakini ya Tuhami ilikuwa inachelewa. Anasema neno, anasubiri, anachoka, anakwenda kucheza. Mimi nimekaa nachambua dengu, nimeshasahau, ndipo naisikia sauti yake inatoka chini, wakati mwenyewe yuko nje mtaani.

Niliizoea. Mtu anazoea mengi akiwa na dengu za kuchambua.

Sasa nije kwenye mikate. Wakati ule kila nyumba ilikuwa inakanda unga wake, inatia alama yake, inapeleka kwenye tanuri la mtaa. Alama yetu ni vidole vitatu vilivyobonyezwa katikati. Kubeba ubao wa mikate ni kazi ya wasichana. Mzee wa tanuri alipokufa akaja mwingine kutoka mashamba ya Gharb, jina lake Bushta, jitu la mabega, moto umemuunguza nyusi mpaka hana hata unywele juu ya macho. Huwezi kujua kama amekasirika au ameshangaa. Ilibidi umsubiri acheke, na alikuwa anacheka upesi.

Haukupita muda Tuhami akaniambia, "Shangazi, lete ubao nikupelekee."

"Wewe? Na ndevu zako hizo, ubao wa mikate kichwani?"

"Napita huko huko."

"Duka lako liko huku. Tanuri liko kule."

"Nanyoosha miguu, Shangazi. Nakaa siku nzima."

Akanyoosha miguu mwaka mzima. Na mikate yetu ikawa inarudi ina rangi ya asali, imeumuka kama mito, huku ya majirani inarudi imeungua. Jirani akanikamata mlangoni, "Lalla Batul, mbona wa kwenu kama pambo na wetu kama mkaa?" Nikamwambia ajifunze kukanda.

Halafu ule uzi. Fundi wa jalaba akitaka kusokota hariri ya vigwe anaitandaza kichochoroni, msumari hadi msumari, na mtu wa pili anashika ncha. Msumari wa mwisho wa Tuhami ulikuwa unasogea kila siku. Siku moja natoka sokoni na mnanaa wangu nikaukuta uzi wa rangi ya zafarani ukutani, nikaufuata. Ukapita mlango wa seremala, ukapinda kona, ukaishia kwenye tanuri, mkononi mwa Bushta. Jitu limekaa juu ya gogo, limeshika ncha kwa vidole viwili kama limeshika kipepeo, na mikate ya watu inaungua nyuma yake. Uzi ulikuwa unatetemeka. Upepo haukuwepo. Kule anautikisa Tuhami, huku anajibu Bushta.

"Bushta," nikasema, "mikate."

"Lo! Lalla Batul!" Akaruka wima. Lakini uzi hakuuachia.

Nilielewa. Mimi si mtoto. Nilikaa na marehemu mume wangu mpaka tukamzika, Mungu amrehemu, na hakupata kunishikia hata kikapu. Jioni ile niliswali, nikabaki juu ya mswala muda mrefu, na sikupata ndani ya kifua changu neno la kumlaani mtoto niliyemlea. Wenye maneno hayo wapo wengi, sikuona haja ya kuongeza langu. Nilichoongeza ni mkate mmoja kwenye ubao, wa Bushta, maana mtu mkubwa vile na hana wa kumpikia.

Ni wakati huo huo mwenye kisima naye alipoanza kutembea.

Ilikuwa ni saa ya jua kali, nyumba nzima imelala. Naingia uani nakuta nyayo za maji juu ya mawe. Ndogo, za mwanamke, vidole vyote vinaonekana. Zinatoka kisimani, zinakwenda mpaka chini ya ngazi ya chumba cha Tuhami, zinasimama pale zikiwa pamoja, kama mtu anayesikiliza. Za kurudi hazipo. Jua la Agosti linakausha shuka bado unaianika, lakini nyayo zile zilikaa mbichi mpaka adhana ya alasiri.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Maati? Ndugu yangu Maati ni mtu wa dini na wa tumbo, yote mawili kwa nguvu zake zote, na alikuwa ndiyo kwanza amerudi Makka. Alirudi na jambo kichwani. Akatuita mezani mimi na Tuhami.

"Alhamisi anakuja Yamna wa ukoo wetu na mumewe na binti yao Zhor," akasema. "Tunasoma Fatiha, imekwisha. Msichana mzuri, amesoma, ana afya."

"Baba, mimi sitaki kuoa."

"Nani amekuuliza unataka nini? Mimi nilitaka? Mtu anaoa kwanza, kutaka kunakuja baadaye."

"Na kusipokuja?"

"Duka ni langu na nyumba ni yangu. Usipokubali, weka funguo zote mbili hapa mezani, nenda ukakatae kwingine."

Tuhami akanitazama. Nikatazama chai yangu. Fatiha ikishasomwa mbele ya watu wawili wazima, kuivunja ni kuvunja nyumba mbili, na Maati si mtu wa kurudisha neno.

Kesho yake nilimfuata Tuhami mpaka tanurini. Sikujificha, nilisimama tu nje. Bushta alikuwa na koleo lake refu, uso hauna nyusi, huwezi kuusoma.

"Ukisomewa Fatiha mimi narudi kwetu Gharb," akasema. "Siwezi kukaa hapa nikioka mikate ya mkeo."

"Utaiunguza?" Tuhami akajaribu kucheka.

"Sitaiunguza. Ndiyo maana naondoka."

Siku ya Jumatano, saa ile ile ya jua kali, nilikuwa nimejilaza nyuma ya pazia la ukumbini. Nikamsikia Tuhami anashuka. Akaondoa kifuniko cha kisima, akapiga magoti, akainama mpaka mabega yakapotea ndani.

"Bibi," akasema, "sina mwingine wa kumwambia. Nisaidie, au nichukue."

Nikashika pazia nitoke nimwite. Kamba ya ndoo ilikuwa imening'inia, na mimi nikaiona, kwa macho yangu haya, ikijizungusha polepole, kisha ndoo ikashuka yenyewe, taratibu, kama inayoteremshwa na mtu mwenye adabu. Tuhami hakushtuka. Akangoja. Akachoka, akapanda juu.

Nikaenda kufunika kisima. Nimeshika kifuniko mkononi ndipo sauti ikatoka chini, sauti ya Tuhami, imepoa kama imelala majini: "Nisaidie."

Nikangoja nusu nyingine. Nilingoja mpaka alasiri, kifuniko mkononi. Haikuja. Ile nusu ya pili mwenye kisima hakuirudisha, na mpaka leo hajairudisha.

Alhamisi nikakanda. Naomba hapa nisikilizwe vizuri. Nilitenga donge la mwenye kisima. Halafu nikasaga chumvi ya mawe, nikaiyeyusha kwenye maji ya vuguvugu, nikaonja kwa ulimi, ikanikunja uso. Nikamimina. Nikakanda mpaka jasho likanitoka, nikabonyeza vidole vitatu juu ya kila mkate. Kuku nilimpika na zeituni kutoka mtungi wangu na malimau yaliyolala chumvini mwaka mzima, yana ukoko mweupe juu kama barafu ya mlima. Tuhami akapeleka ubao, akarudi nao, macho mekundu. Nikaipokea mikate kwa mikono yangu. Alama zipo.

Wakaja. Kwa kuwa ni jamaa, tulikaa ukumbi mmoja, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Yamna amevaa dhahabu mpaka unasikia anapopumua. Mumewe ni mtu wa kutikisa kichwa tu. Zhor amekaa na mtandio wake, anaitazama saa ya ukutani kama mtu anayengoja basi.

Nikaleta sinia. Kabla mkono haujaingia chakulani, Tuhami akainuka, akaenda alipokaa baba yake, akaweka funguo mbili kando ya sahani yake. Ya duka na ya nyumba. Akarudi kukaa. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, na mimi niliyemlea niliona fahari.

Maati akageuka rangi. Upesi upesi akamega mkate, akazifunika funguo kwa kile kipande wageni wasione. "Karibuni, bismillahi," akasema kwa sauti kubwa, akatia tonge mdomoni. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Batul. Chumvi iko wapi?"

"Ndani ya mkate."

"Mkate huu hauna chumvi."

"Una chumvi. Mdomo wako ndio hauna."

Yamna akaonja, akatabasamu kwa huruma, ile huruma inayouma. "Ni uzee, mama, si aibu. Mama mkwe wangu naye alianza hivi hivi na chumvi, akaishia kuvaa viatu kichwani."

"Nikifika huko, Yamna, nitaazima vyako. Vinatosha kuwa kofia."

Zhor akaficha mdomo kwenye mtandio.

"Kula zeituni basi," nikamwambia Yamna. "Au zeituni nazo nilizisahau?"

Akachukua moja, akauma. Tabasamu likamtoka kama limefutwa kwa kitambaa. Akaitema kiganjani, akaitazama. Zhor akachovya limau, akaonja, akaonja tena.

"Mama," akasema taratibu, "hili limau halina chumvi. Limerudi kuwa limau tu, kama limechumwa leo."

Nikavuta mikate karibu, nikaigeuza mmoja mmoja. Alama ya vidole vitatu haikuwepo. Yote imelala laini, kimya, kama ule mdogo wa juu ya kisima. Meza nzima ilikuwa imeandaliwa chakula chake yeye, na sisi ndio tulikuwa wageni.

"Maji," Maati akasema. "Leteni maji."

Nikachota mwenyewe. Maji ya kisima kile ndiyo matamu kuliko yote mtaani, watu walikuwa wanaomba ya kufungulia saumu. Maati akapiga funda moja, na funda lote likarudi juu ya jalaba lake jeupe la Makka. Nikaonja. Chumvi. Chumvi yangu, ya mikate na zeituni na malimau, yote ilikuwa imekwenda kule chini. Na maji yalikuwa na uvuguvugu, kama machozi.

Na hapo kikaja kigelegele. Kimoja, chembamba, kirefu, kutoka kisimani. Wanawake tukatazamana midomo. Hakuna aliyekuwa ameifungua.

Mikono ya Maati ilikuwa imeshaanza kuinuka kwa ajili ya Fatiha, nafikiri aliiinua kwa hofu bila kujua. Ikashuka mapajani.

"Zhor, viatu!" Yamna alikuwa ameshasimama, dhahabu yote inalia. "Mtoto ana mke tayari na hamkutuambia! Mimi binti yangu hawi mke mwenza wa mtu anayekaa majini!"

Mumewe akatikisa kichwa. Wakatoka kwa kugongana. Zhor alikuwa wa mwisho, hana haraka. Akainama karibu na Tuhami. "Nisalimie bibi wa kisimani," akanong'ona. "Mwambie ahsante sana. Mimi nilikuwa nataka kwenda Rabat kusomea uuguzi." Akaenda zake anatabasamu.

Maati hakuondoa sinia wala funguo. Aliingia chumbani akafunga mlango.

Mngedhani yameisha. Tangu siku ile nyumba yetu haikushika chumvi. Natia chumvi kwenye supu, inapotea kama imetiwa mchangani. Maati akanunua chumvi mpya, akaitia mwenyewe mbele yangu, kijiko juu ya kijiko, akaonja, akaweka kijiko chini. Akala kwa rafiki yake wa msikitini. Alipokanyaga kizingiti kurudi, anasema, ladha ikamtoka mdomoni. Tuhami alikaa chumbani juu, anashona. Hakufukuzwa, hakuambiwa abaki. Nyayo za maji zilikuwa zinapanda ngazi sasa, kila siku ngazi moja zaidi.

Maati akaanza kukonda. Yeye! Alikuwa anasoma Kurani, na mimi nilikuwa nasoma kile kidogo ninachokijua, na chakula kinabaki chapwa.

Ndipo Bushta akaja. Alikuwa amefunga mzigo wake wa Gharb lakini hakuondoka, alikuwa anangoja kujua Tuhami yu hai au vipi. Alibisha hodi mchana, amebeba chungu alichokizika kwenye majivu ya tanuri tangu usiku, nyama ya kondoo na bizari na zafarani.

"Lalla Batul, nimesikia hamli."

"Pitisha."

Alipovuka kizingiti na kile chungu, harufu ilijaa ua mpaka mlango wa Maati ukafunguka wenyewe. Au aliufungua yeye, sijui. Akaja, akakaa, akachovya. Nikamwona anafumba macho.

"Ina chumvi," akasema. Akala mpaka chungu kikalia. "Nani kapika?"

"Mtu wa moto," nikasema. "Mwenye kisima hagombani na mtu wa moto. Akilala nyumba hii, chumvi itarudi."

Bushta alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Juu ya ngazi Tuhami alikuwa amesimama, sindano mkononi, uzi umening'inia. Maati akamtazama huyu, akamtazama yule. Kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu. Nimembeba mgongoni mtu yule, nayajua macho yake.

"Batul. Unajua unachosema?"

"Najua ninachokula."

Akavuta pumzi. Akainua kile kipande cha mkate, kimekauka kama kigae, hakuna aliyethubutu kukigusa tangu siku ile. Funguo chini yake zilikuwa zimeota chumvi, nyeupe tupu. Akazipangusa kwa kidole gumba, akakilamba kidole.

"Chumba cha juu kinavuja," akasema, bila kumtazama mtu.

"Nitaziba, Haji," Bushta akasema.

Maati akamrushia Tuhami ufunguo wa duka. Wa nyumba akamtolea Bushta. "Mlango unakwama. Uinue kidogo unapofungua."

"Na mimi wa nyumba, baba?" Tuhami akauliza.

"Wa nini? Hutoki bila yeye." Akainuka kwenda kutawadha, na neno jingine juu ya jambo lile hakulitamka mpaka tulipomzika.

Siku ileile Bushta aliyoingiza godoro lake, maji yakarudi kuwa matamu. Nyayo zilipanda mpaka mlango wa chumba cha juu, na kwa mara ya kwanza nikaona za kurudi: zimeshuka ngazi, zimevuka ua, zimeishia kisimani. Majirani walisema Tuhami ana mke wa kijini na Bushta ni mlinzi wake. Nikawaambia ndiyo, kabisa, na msipige miluzi mkipita hapa.

Sasa Tuhami anavaa miwani kutunga sindano. Tanuri limefungwa, kila nyumba ina jiko lake la gesi, na nyusi za Bushta zimeota hatimaye, nyeupe. Anashika ncha ya uzi uani, karibu na kisima, na wanagombana kuhusu mnanaa kama watu wote waliozoeana.

Mimi bado nakanda kila Alhamisi. Naweka mkate chapwa juu ya kifuniko, nagonga mara moja kwa vidole, nauliza, "Haya, nani alisahau chumvi?"

Nachambua dengu zangu, nasahau. Halafu kutoka chini mtu anacheka, mwanamke, na sauti si yangu.